Deikea ya mbwa kule Mbezi Juu: miezi 18 nikimpeleka Duma

Nianze na siku waliyonirudisha getini, maana ndo siku niliyowaelewa hawa watu wanaotukalia na mbwa mchana tukiwa kazini. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, nimeshavaa nguo za ofisini, nina kikao Posta saa mbili, mbwa wangu Duma yuko kwenye kamba anatikisa mkia kama kawaida yake. Binti wa pale akampapasa shingoni, Duma akakohoa. Mara moja tu. Kile kikohozi kikavu kama mtu aliyekwama mwiba wa samaki kooni, mwisho anatema povu kidogo jeupe. Binti akatoa mkono akaniambia, "Dada samahani, leo haingii." Nikamwambia jamani kanywa maji kwa pupa yamempalia huyu. Akamwita baba yake. Mzee akaja, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akachuchumaa, akaweka vidole viwili kwenye koromeo akabonyeza taratibu, Duma akaanza kukohoa mfululizo. Mzee akainuka akasema, "Mrudishe nyumbani mwanangu. Kikohozi kikikata kabisa ndo uanze kuhesabu wiki mbili, hela yako ya mwezi tutaisogeza mbele."

Nilikasirika sana, nisiseme uongo. Kikao nilichelewa, nyumbani nikamlipa kijana wa jirani akae na mbwa, wiki nzima nilikuwa nanung'unika. Baadaye nimekuja kuuliza, ivi wale mbwa wengine waliokuwa wanaingia kipindi kile ilikuwaje, nikaambiwa hakuna hata mmoja aliyekohoa. Hata mmoja! Na kile kilikuwa kikohozi cha bandani, ambacho kikiingia sehemu yenye mbwa wanaonusana pua kutwa nzima kinapita wote kama moto wa nyasi kavu. Kinasababishwa na vijidudu zaidi ya kimoja, kuna bakteria anaitwa Bordetella na kuna virusi vya parainfluenza, vinasafiri kwa hewa, kwa bakuli la maji, kwa mpira uliotafunwa na huyu akapokea yule. Mbwa anaweza kukipata leo na dalili zikaonekana kuanzia siku 2 mpaka 14 baadae, kwaiyo ukisubiri uone mbwa watano wanakohoa ndo uchukue hatua umeshachelewa. Chanjo yake ipo na inasaidia, ila haizibi kila mlango maana vijidudu ni vingi. Kinachozuia kweli ni mtu aliyesimama getini mwenye ujasiri wa kukuambia rudi, na bado akakubali kukosa hela yako ya siku hiyo.

Sasa nieleze pahala penyewe. Ni Mbezi Juu ndani ndani, kiwanja kina ukuta mrefu, miembe mitatu mikubwa, na banda la matofali lenye vyumba sita. Mzee ni mstaafu, alikuwa bwana mifugo serikalini, anaendesha na binti yake na vijana wawili. Hawajaweka kibao, watu wanaambiana tu. Hawapokei zaidi ya mbwa 18 kwa siku na ukifika wa 19 unarudi hata ulie. Bei ni 15,000 kwa siku, ukilipa mwezi mzima siku za kazi ni 250,000. Si ndogo najua, nitarudi kwenye hilo.

Mimi nilifika hapo nikiwa nimeshaumia. Duma ni wa miaka mitatu, mama yake koko wa mtaani kwetu, baba yake jemani shepadi, akibaki peke yake anachimba chini ya ukuta na kulia mpaka jirani akaja kunigongea kwa upole kabisa kuwa mtoto wake mdogo halali mchana. Nikampeleka deikea moja, sitaji jina, nzuri ya kuangalia, nyasi za kijani, picha kila saa kwenye simu. Mwezi wa tatu Duma akaacha kula. Siku ya pili nikaona damu inatoka puani, kidogo kidogo, nikamfunua mdomo fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi. Daktari akachukua damu, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka vibaya, homa ya kupe. Doksisaiklini siku 28, vidonge kila siku kwenye kipande cha maini, na mimi nalala naye sebuleni naangalia kama anapumua. Nilivyoenda kule kuwaambia nikaangalia ukuta wa banda lao kwa karibu, kwenye nyufa pale juu karibu na dari, kupe. Wadogo wadogo wamejipanga. Picha hazikuwa zinaonyesha hiyo sehemu.

Watu wengi hawajui kupe wa mbwa, huyu wa kahawia, anapanda ukuta. Wengi tunafikiri kupe yuko kwenye majani, tunafyeka majani tunalala tukijua tumemaliza. Huyu jike akishiba damu anadondoka, anatafuta ufa, anataga mayai maelfu, na vizazi vyote vinaweza kuishi hapo hapo ndani ya banda bila kugusa nyasi. Kwaiyo deikea ikiwa na kupe ujue shida iko kwenye jengo. Hawa wa Mbezi Juu wameziba nyufa zote kwa saruji, ukipitisha mkono ukutani ni laini, na kila baada ya muda wanapuliza dawa siku ambayo mbwa hawapo. Na ukitaka kuingia lazima mbwa awe kwenye kinga ya kupe, iwe vile vidonge vya kutafuna vya kila mwezi au vile vya wiki 12, wanaandika tarehe kwenye daftari na ikikaribia kuisha wanakukumbusha. Dawa ya josho la ng'ombe hawaitaki hata kuisikia. Najua wengi tunaitumia kwasababu ni rahisi, ila mzee anasema ameona mbwa wakizidishiwa kipimo wakalegea mpaka kuanguka, mtu kakadiria kwa kifuniko cha chupa tu.

Ukaguzi wa getini nauelezea maana ndo roho ya sehemu hii. Kila asubuhi, kila mbwa, hata kama alikuja jana. Binti anaanza na macho na pua. Anafunua mdomo wa juu, anabonyeza fizi kwa kidole gumba, pale inageuka nyeupe, anaachia anaangalia pinki inarudi haraka kiasi gani, inatakiwa isizidi sekunde mbili. Alafu masikio ndani na nje, chini ya kola, makwapani, katikati ya vidole vya miguu kimoja kimoja. Ana kikopo cha spiriti, akikuta kupe anamng'oa kwa kibano karibu kabisa na ngozi anamtumbukiza humo. Hapondi kwa kucha kama tunavyofanya sisi. Mwisho anakuuliza jana alikula? Choo kilikuwaje? Ni dakika tatu nne lakini mkiwa wanne kwenye foleni na mnachelewa kazini ni ndefu. Nimeshaona mtu akifoka. Binti hanyanyui sauti, anaendelea tu na vidole vyake.

Kuhusu chanjo hawana mjadala. Kadi inaangaliwa siku ya kwanza na mzee mwenyewe, na anachokitafuta ni ile stika ndogo inayobanduliwa kwenye kichupa cha dawa yenye namba ya toleo, pamoja na sahihi na mhuri. Kadi yenye tarehe tu zilizoandikwa kwa peni anapiga simu kwa daktari aliyechanja. Mimi alinipigia daktari wangu mbele yangu. Na anauliza chanjo ilitoka wapi, maana chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, ile inayotembezwa kwenye mkoba juani toka asubuhi inaweza ikawa maji tu ya kuchoma mbwa sindano bure. Hilo sikuwahi kulifikiria maishani mwangu, na nimechanja mbwa toka niko kwa baba.

Kichaa cha mbwa ni lazima kila mwaka. Hapo sidhani kama kuna haja ya kueleza, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, awe mbwa awe mtu. Tena kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, angalieni karibu na siku hiyo, kuna halmashauri zinatoa chanjo bure, kwaiyo hela isiwe kisingizio. Kingine wanachodai ni ile chanjo ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa ya distempa, pavo, homa ya ini na leptospira. Distempa ndo ile iliyoua simba wa Serengeti mwaka 1994, kama theluthi ya simba wote wa pale walikufa, na ugonjwa ulihusishwa na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya pembeni. Kama imeweza kumuangusha simba porini sijui kwanini mtu anaona kumchanja mbwa wake wa uani ni anasa.

Leptospira nayo ndo hii hii homa ya Mgunda iliyotokea Lindi mwaka 2022, watu wakafa. Inakaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, mvua ikinyesha inaenea kwenye madimbwi, mbwa anakanyaga, analamba, na mtu anayemshika anaweza kuipata pia. Masika hapo Mbezi wanafukia kila shimo la maji kwa kokoto, pumba na vyakula viko kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko ili panya wasikaribishwe, na siku ya mvua kubwa mbwa hawatoki uwanjani hata wakikwaruza mlango.

Watoto wa mbwa hawapokelewi mpaka wamalize chanjo zote na zipite wiki mbili. Kuna dada mmoja alikuja na kitoto cha wiki kumi, kizuri huyo, kimechanjwa mara moja, akaambiwa hapana akaona anabaguliwa. Mzee akamkalisha chini ya mwembe akamuelewesha, na mimi nilikuwepo nikasikiliza. Kinga anayoipata mtoto kwa maziwa ya mama ndo inamlinda mwanzoni, lakini kinga hiyo hiyo inaizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa kila mtoto inaisha wiki gani. Ndo maana zinachomwa kuanzia wiki ya 6 au ya 8 zikirudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka 4 hadi afike wiki 16. Katikati hapo kuna kipindi kinga ya mama imeisha na ya sindano haijashika, na pavo ikimkuta hapo ni kutapika na kuharisha damu, siku mbili tatu unazika. Yule dada alirudi baada ya miezi miwili na kadi imekamilika, kitoto kimeshakuwa kirefu.

Na pavo haitoki kirahisi. Inaweza kukaa kwenye udongo wa kivulini mwaka mzima au zaidi, sabuni ya kawaida haiiui, spiriti haiiui. Jiki inaiua. Ila hapa ndo wengi tunakosea, tunamwaga jiki juu ya uchafu. Vijana wa pale wanaokota kwanza kinyesi, wanasugua kwa sabuni na brashi, wanasuuza, ndo wanapaka jiki iliyochanganywa, kama kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, wanaiacha dakika kumi kwa saa ya ukutani ndo wanasuuza tena. Mbwa wanakuwa nje muda huo na sakafu lazima ikauke. Harufu ya jiki asubuhi inachoma pua kidogo, hili ni lalamiko langu dogo, Duma mwenyewe anapiga chafya, natamani wangesogeza usafi uwe jioni watu wakishaondoka.

Kinyesi kinaokotwa pale pale kinapodondoka, kijana anatembea na koleo na ndoo kutwa. Mwanzo niliona ni usafi tu wa kawaida. Kumbe mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo ndo yaweze kuambukiza, kwaiyo ukiokota kila siku umeukata mzunguko kabla haujaanza. Safura ya mbwa ndo usiseme, inapenya hata ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku, unaona mstari mwekundu unatambaa mguuni unawasha usiku kucha. Nina mtoto wa miaka minne nyumbani, mbwa akitoka huko ndo anakuja kulala mlangoni kwake, kwaiyo minyoo ya mbwa wa watu wengine inanihusu moja kwa moja. Dawa ya minyoo ni kila miezi mitatu na inaandikwa kwenye daftari lile lile.

Joto sasa. Nyie mnaijua Dar ya Januari na Februari, saa sita mchana hata upepo wa bahari umechoka. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anategemea kuhema na kidogo nyayo, na hewa ikishakuwa na unyevu mwingi kuhema nako hakusaidii sana. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39 na ushee, likifika 41 ni hatari ya kufa. Hapa mchezo ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne, alafu tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati wote wako ndani kwenye sakafu ya saruji, feni zinazunguka, kila mmoja chumbani na wenzake wawili watatu waliozoeana. Kabla ya kuwatoa jioni mzee anaweka mgongo wa mkono wake chini kwenye zege, anahesabu mpaka saba, akishindwa kuuacha mkono basi mbwa hawakanyagi. Namuona kila nikiwahi kumchukua Duma, mzee wa miaka sabini ameinama na mkono chini kimya anahesabu.

Wale wenye pua bapa wana chumba chao karibu na mlango ili waonekane. Mwaka huu mwanzoni pagi mmoja alianza kuhema kwa kukoroma, ulimi umegeuka rangi ya zambarau, mmoja wa vijana akammwagia maji ya bomba ya kawaida tumboni na mapajani, wakamuweka mbele ya feni huku binti keshawasha gari kwenda kwa daktari. Alipona. Niliuliza mbona hamkuweka barafu, nikaambiwa maji ya kawaida na upepo vinatosha kuanza kumshusha joto hapo hapo, cha muhimu usipoteze muda kutafuta friji ya nani ina barafu.

Chakula unabeba mwenyewe kwenye kopo lenye jina. Mifupa ya kuku iliyopikwa hairuhusiwi maana inapasuka vipande vyenye ncha. Bakuli kila mmoja lake. Akila anakaa saa moja bila kukimbia, hasa wakubwa wenye kifua kirefu kama Duma, tumbo linaweza kujaa hewa likajipinda na hapo ni upasuaji wa haraka au basi tena. Jike akiwa kwenye joto la kutaka dume haji kabisa, hilo liko wazi.

Mabaya yao yapo na niyaseme. Barabara ya kuingia masika ni tope, bajaji zinakataa, nimewahi kuvua viatu nikatembea na mbwa dakika kumi na tano. Umeme ukikatika mchana feni zinasimama, wanafungua madirisha na kumwagia sakafu maji lakini jenereta hawana, na kwa bei hiyo nadhani wanatakiwa wawe nayo kabla ya Januari ijayo, nimewaambia ana kwa ana. Simu ya mchana hawapokei kirahisi. Na kuna siku Duma aling'atwa sikio wakigombania fimbo, kakidonda kadogo wakakasafisha vizuri, ila niliambiwa jioni nikimchukua wakati ilitokea saa tatu asubuhi. Hilo liliniuma. Mwenye mbwa anatakiwa aambiwe saa ile ile hata kama ni mkwaruzo. Mzee alikubali kosa, na toka hapo wanatuma ujumbe mfupi, nimepata miwili, wa ukucha uliokatika na wa kuharisha. Wa kuharisha walimtenga kwenye chumba cha nyuma chenye mlango wake wa pembeni, na kijana aliyemhudumia hakurudi kwa wengine mpaka kavua buti na kunawa.

Kuhusu hela, nilipiga hesabu ya yale matibabu ya kupe, vipimo, dawa, na siku nilizokosa kazini, ikazidi miezi miwili ya hapa. Kwa miezi 18 Duma ameugua mara mbili, kikohozi kile nilichokieleza ambacho sijui alikiokota wapi, na huko kuharisha kwa siku moja. Nawapa nyota nne, ya tano inasubiri jenereta.

Ukitaka kwenda, nenda Jumamosi saa tatu asubuhi, ndo siku mzee anapokea wageni wapya. Beba kadi halisi, siyo picha ya simu. Mbwa asile kabla. Atawekwa kwanza na mbwa mmoja mtulivu, jike mzee wa pale pale mwenye mvi puani, wakielewana ndo anaongezwa wa pili, na wewe utaambiwa ukae nje ya ukuta usubiri, maana mbwa wengi wanabadilika wakikuona. Mimi nilisubiri saa nzima chini ya mwembe nikisikiliza kama analia. Hakulia.